Krevete anachimba, samaki analinda, shaba inaua

Chini ya bahari kuko muchimbaji mumoja mwenye hana kofia ya kazi, hana taa, na macho yake haioni mbali. Anachimba muchana wote. Anasukuma muchanga inje ya shimo, anapanga vijiwe na vipande vya matumbawe ku ukuta ili shimo lisianguke, kisha anarudia ndani. Ku mulango wa shimo mwenzake anasimama. Ule mwenzake hachimbi hata kidogo. Kazi yake ni paka kuangalia. Hatari ikitokea, anatikisa mukia, na mara moja wote wawili wako chini.

Mwenye kuchimba ni krevete. Mwenye kulinda ni samaki mudogo wenye wanaita gobi. Watu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaita krevete «kamba», lakini kwetu Katanga kamba ni ile ya kushukia mu shimo, basi hapa tutasema krevete, sawa vile mama anasema ku soko.

Ndugu musomaji, pengine unajiuliza: sisi watu wa mine, tunatafuta nini mu mambo ya bahari? Kipande chetu cha bahari, kule Muanda, kiko na kilometre karibu 40 tu, na kutoka Lubumbashi mpaka kule njia ni zaidi ya kilometre 2000. Kuko sababu mbili. Ya kwanza: watu mingi mu dunia wanafuga samaki na krevete pamoja mu sanduku ya kioo yenye maji ya chumvi, na watoto wetu wanaona ile kazi mu sinema na mu telefone, wanauliza maswali. Ya pili ni kubwa zaidi. Mu ile sanduku ya kioo, kitu chenye kinaua krevete haraka kabisa ni kile chenye tunatoa mu udongo kila siku. Ni shaba.

Mapatano ya mu shimo

Gobi na krevete wake wanaishi zaidi mu Bahari ya Hindi, mu Pasifiki na mu Bahari Nyekundu, fasi maji si ya kina sana na chini kuko muchanga. Mu muchanga wa wazi hakuna fasi ya kujificha. Gobi hajui kuchimba shimo refu. Krevete anajua, lakini haoni vizuri, na mwenye kutoka inje bila kuona ataliwa. Basi kila mumoja analeta chenye mwenzake hana.

Krevete akitoka na muzigo wa muchanga, anaweka ndevu yake moja ndefu juu ya mwili wa gobi, na haiondoe. Ile ndevu ni sawa na kamba yenye mutu wa chini anashika ili asikie mwenzake wa juu. Gobi akitikisa mukia mara fupi-fupi, krevete anasimama ao anarudi nyuma. Gobi akiingia shimo kichwa mbele, hakuna kuuliza: wote wanaingia. Na kama gobi hayuko ku mulango, krevete hatoki. Usiku wanalala ndani pamoja.

Mujerumani mumoja, Luther, aliandika juu ya mapatano hayo mwaka 1958 kisha kuyaona mu Bahari Nyekundu. Kisha yeye, wengine walipima mambo yale kwa miaka mingi, sawa Ilan Karplus wa Israeli, mwenye alichunguza namna gani mukia na ndevu vinasemezana. Leo watu wa sayansi wanajua aina zaidi ya 100 za gobi zenye kuishi na krevete namna hii.

Wachimbaji wataelewa bila kueleza mingi. Mwenye kushuka anaweka maisha yake mu mikono ya mwenye kubakia juu. Mwenye kubakia juu akisinzia, hata shimo nzuri haisaidie.

Krevete mwenye bunduki

Huyu krevete wa kuchimba iko na gando mbili, moja ndogo na moja kubwa kupita kiasi. Akifunga ile kubwa kwa nguvu, kunatoka sauti kali sawa fataki. Zamani watu walifikiri ni gando yenyewe yenye inagongana. Mwaka 2000, watu wa sayansi wa Uholanzi na Ujerumani walipiga picha za haraka sana na wakaona ukweli: gando inarusha maji mbio sana mpaka inatokea tone la hewa tupu ndani ya maji, na ni kupasuka kwa lile tone njo kunapiga kelele. Ile nguvu inatosha kushitusha ao kuua munyama mudogo. Mwaka 2001 walionyesha tena kwamba, wakati tone linavunjika, ndani yake joto inapita nyuzi 4.700, na inatoka mwangaza mufupi wenye jicho la mutu haliwezi kuona.

Mu Vita ya Pili ya Dunia, makundi ya krevete hao yalipiga kelele mingi mpaka marine ya Marekani, yenye ilikuwa inasikiliza sumarini za adui, ikalazimika kuwachunguza. Na mutu mwenye kumuweka mu akwariumu yake anashituka usiku: anasikia «tak!», anafikiri kioo kimepasuka. Kumbe ni krevete mwenye anafukuza jirani.

Bahari ndani ya kioo

Watoto wenye waliona sinema *Le Monde de Nemo*, ya mwaka 2003, wanakumbuka ile akwariumu ya daktari wa meno, na mule ndani krevete mumoja anaitwa Jacques mwenye anasafisha kila kitu. Ile haikuwa uongo wa sinema tu. Krevete wa namna ile iko, na tutamusema hapa chini.

Lakini kwanza maji. Mutu hawezi kuchukua maji ya robine, kutia chumvi ya kupikia, na kusema sasa ni bahari. Chumvi ya jikoni ni karibu kitu kimoja tu. Maji ya bahari iko na kalsiumu, magneziumu, potasiumu na vingine, na krevete anavihitaji, zaidi kalsiumu, kwa kujenga ganda lake. Kwa hiyo wafugaji wanauza chumvi yenye imetengenezwa kwa kazi ile. Kipimo ni karibu gramu 35 kwa litre moja. Kwa sanduku ya litre 200, sawa pipa moja, inaomba kilo 7 za chumvi. Joto ya maji iwe kati ya nyuzi 24 na 26, bila kupanda na kushuka.

Kisha kuko kungojea, na hapa wengi wanashindwa. Samaki akikojoa, na chakula kikioza, inatokea amonia, ni sumu. Bakteria wa namna moja wanageuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu. Bakteria wengine wanageuza nitriti kuwa nitrati, yenye haina ukali sana, na inapungua wakati unabadilisha sehemu ya maji. Hao bakteria hawanunuliwe na kufanya kazi siku ile ile. Wanakaa kidogo-kidogo ku mawe, mu muchanga na mu filtri, na inaomba wiki ine mpaka sita mbele kipimo cha amonia na cha nitriti kiwe sifuri. Mwenye haraka anaweka samaki siku ya kwanza, kisha wiki anazika.

Jambo lingine: maji inapungua kila siku juu ya joto, lakini chumvi haipandi na muvuke. Inabakia. Basi maji yenye imepungua inajazwa na maji safi isiyo na chumvi. Ukijaza na maji ya chumvi, siku kwa siku chumvi inakuwa kali, na krevete njo anaumia wa kwanza. Samaki anaweza kuvumilia mabadiliko kidogo. Krevete hapana. Hata siku ya kumuingiza mu nyumba mupya, wanadondosha maji ya akwariumu mu chombo chake tone kwa tone, saa moja ao mbili, mpaka mwili wake uzoee.

Umeme nao. Pompi ikisimama saa mingi, hewa inapungua mu maji, na bakteria pia wanaanza kukosa pumuzi. Mutu wa kartie yenye umeme inakatika kila usiku, afikirie mara mbili.

Na kwa mwenye kutaka krevete muchimbaji, kuko sheria moja yenye kila mutu wa mine ataielewa mbio: mawe makubwa yanakaa juu ya kioo cha chini, na muchanga unamiminwa kisha kuyazunguka. Ukiweka jiwe juu ya muchanga, krevete atachimba chini yake. Siku moja jiwe linashuka, na mwenye shimo anabakia chini.

Nani anakaa na nani

Mu bahari, krevete ni chakula. Watu wanasahau jambo hilo juu ya rangi zake nzuri. Samaki simba, mwenye miiba mirefu sawa manyoya, atamumeza. Chewa, mwenye kinywa kikubwa, atamumeza. Kikande iko na meno ya kuvunja ganda. Bunju, mwenye anajivimbisha sawa mpira, naye anavunja ganda. Kuko hata mikunga, wale samaki wenye kufanana na nyoka, wenye chakula chao kikubwa ni kaa na krevete. Sheria ya wafugaji ni fupi: kama krevete anaingia mu kinywa, ataingia mu kinywa.

Wenye wanakaa naye vizuri ni samaki wadogo na wapole: samaki klauni, yaani Nemo mwenyewe, magobi, na wengine wa kimo kile wenye wanakula vipande vidogo mu maji. Tena siku ya kupanga nyumba, krevete aingie mbele ya samaki ao pamoja nao, ili apate fasi yake ya kujificha.

Sasa tuje ku yule Jacques. Jina lake la sayansi ni *Lysmata amboinensis*. Mugongo wake ni mwekundu, na katikati iko na mustari mweupe sawa barabara. Urefu wake ni karibu sentimetre 6. Anaishi ku mawe ya matumbawe mu Bahari Nyekundu, mu Bahari ya Hindi na mu Pasifiki. Kazi yake ni kusafisha samaki wengine. Anasimama fasi moja yenye inajulikana, anatikisa ndevu zake nyeupe, anayumba-yumba, na samaki wanakuja kusimama mbele yake sawa watu ku dispanseri. Anapanda juu yao, anatoa vijidudu na ngozi yenye imekufa. Chewa na mukunga, wenye wangeweza kumumeza mara moja, wanafungua kinywa na kumuacha aingie kusafisha meno, kisha anatoka muzima.

Lakini ile amani ni ya bahari, fasi chewa iko na chakula kingine. Mu sanduku ya litre 200, chewa mwenye njaa hatakumbuka dispanseri.

Jambo lingine la kujua: kila wiki kadhaa, krevete anavua ganda lake lote, kwa sababu ganda halikui na yeye anakua. Asubuhi mwenye nyumba anakuta ganda tupu chini, na macho yake na ndevu zake, anapiga kelele: «Krevete amekufa!» Hapana. Krevete amejificha nyuma ya jiwe, mwili mororo sawa wa mutoto wa siku moja, anangojea ganda mupya ikauke. Siku hizo mbili tatu hana silaha, na samaki mwenye alikuwa anamuogopa anaweza kumula. Musimusumbue, musigeuze mawe kumutafuta.

Dawa ya mumoja, sumu ya mwingine

Tunafika sasa ku jambo lenye lilitufanya tuandike.

Samaki wa bahari wanapata ugonjwa wa madoa meupe, sawa mutu amewamwangia chumvi juu ya ngozi. Yenye inauleta ni kijidudu kimoja kidogo sana. Kinaingia chini ya ngozi ya samaki, kinakula siku kadhaa, kinaanguka chini, kinajifunga mu ganda, kinajigawanya, kisha vinatoka vingi vyenye kuogelea vinatafuta samaki wengine. Yule krevete musafishaji hawezi kumaliza ugonjwa ule, hata kama wauzaji wengine wanasema hivyo, kwa sababu kijidudu kiko chini ya ngozi.

Dawa ya zamani, na mpaka leo ya nguvu, ni shaba. Wanaitia mu maji, kipimo cha miligrami 0,15 mpaka 0,20 kwa litre moja, na wanakilinda karibu wiki tatu, kila siku wanapima. Shaba haifikie kijidudu chini ya ngozi, wala ndani ya ganda lake. Inakiua wakati kinatoka kuogelea. Samaki wengi wanavumilia kipimo kile. Wanapona.

Krevete mwenye iko mu maji yale yale anakufa. Na kaa anakufa, konokono anakufa, matumbawe yanakufa.

Tuhesabu kidogo. Miligrami 0,20 kwa litre, mu pipa la litre 200, ni miligrami 40 tu. Gramu moja nzima ya shaba inatosha kwa mapipa 25, ni kusema bidoni 250 za litre 20. Chukua uzi wa umeme wa shaba wa 1,5, ule wa taa. Kata kipande cha urefu wa kidole. Ni karibu gramu moja. Kama kile kipande kingeyeyuka chote, kingetosha kufanya mapipa 25 ya maji kuwa fasi krevete hawezi kuishi.

Tena OMS, shirika la dunia lenye kuangalia afya, inakubali mpaka miligrami 2 za shaba mu litre moja ya maji ya kunywa. Ni mara kumi ya kipimo cha ile dawa. Kwa hiyo maji yenye mutu anakunywa bila kuugua inaweza kuua krevete. Njo maana wafugaji hawaamini maji ya robine yenye inapita mu tiyo za shaba. Wanaipitisha kwanza mu filtri yenye inatoa karibu kila kitu, kisha wanatia chumvi.

Na shaba haina haraka ya kutoka. Mawe na muchanga vinaikamata, kisha vinaiachilia kidogo-kidogo. Mutu anatibu samaki wake mwaka huu, anaweka krevete mwaka kesho, krevete anakufa, naye hajui kwa nini. Basi sheria ni hii: samaki mugonjwa anatolewa, anapelekwa mu sanduku ingine tupu, bila muchanga wala mawe, na shaba inatiwa kule. Krevete anabakia nyumbani kwake bila samaki, wiki sita ao zaidi, mpaka vijidudu vinakosa mutu wa kukula vinakufa vyenyewe. Ndoo na wavu vya kule havirudi huku.

Damu ya blue

Lakini kuko jambo la kushangaza. Krevete hakimbii shaba yote. Anaibeba mu damu yake.

Damu yetu ni nyekundu juu ya chuma: hemoglobini yetu inashika hewa kwa chuma. Krevete, kaa, na hata buibui, wako na kitu kingine mu damu, hemosianini, yenye inashika hewa kwa shaba. Ikiwa na hewa, damu inageuka blue kidogo. Ikiisha hewa, haina rangi. Bila shaba krevete hawezi kupumua.

Namna gani basi inamuua? Ile ya damu imefungwa fasi yake, mwili umeipima. Ile yenye imeyeyuka mu maji inaingia bila ruhusa. Inafika ku matamvua, fasi munyama wa maji anapumulia, kwenye ngozi ni nyembamba sana. Pale inaharibu kazi ya mwili ya kulinganisha chumvi ya ndani na ya inje. Krevete anakuwa muzaifu, anaanguka upande, anakufa. Akiwa ametoka kuvua ganda, ni mbaya zaidi. Chuma nayo ni vile kwa mutu: bila chuma damu inakosa nguvu, lakini mutoto mwenye kumeza vidonge mingi vya chuma vya mama mwenye mimba anaweza kufa.

Na mito yetu

Jimbo letu liliitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997. Hatuna haja ya mutu wa inje atuambie thamani yake. Shaba imelipa minervale ya watoto, imejenga nyumba. Makamyo yanaipeleka Dar es Salaam, mpaka karibu na ile bahari fasi magobi na krevete wanalinda shimo pamoja. Lakini sheria ya ile sanduku ya kioo ni ile ile mu mito yetu. Tena mu maji ya mito, yenye haina chumvi, shaba inaweza kuwa kali zaidi, zaidi sana kama maji ni laini ao iko na asidi.

Ku laboratware za dunia, wakitaka kujua kama maji ya kiwanda ni sumu, hawaanze na mutu. Wanachukua munyama mudogo wa maji, ndugu wa mbali wa krevete, anaitwa dafnia, mudogo sawa nukta. Wanamuweka mu maji yale saa 48, kisha wanahesabu wangapi wangali wanatembea. Yeye anaumia mbele ya samaki, na samaki mbele ya mutu.

Sisi pia tunaweza kuangalia, bila laboratware. Wazee wenye kuishi karibu na mito wanajua kaa wanakaa chini ya mawe gani. Kama mu kijito chenu kaa na vikrevete walikuwa, na sasa hawaonekane, na samaki bado wako, musiseme maji ni nzuri kwa sababu samaki wako. Wenye kuumia wa kwanza wameisha kwenda. Andikeni tarehe, pigeni picha, mupeleke habari kwa chefu wa kartie, ku kituo cha afya, na kwa watumishi wa mazingira. Tarehe na picha zinasaidia kuliko malalamiko ya mudomo.

Mwaka 2009, docteur Célestin Banza wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wenzake, pamoja na wa Ubelgiji, walitangaza uchunguzi juu ya mukojo wa watu wa Katanga. Wenye kuishi karibu na mines na viwanda vya kuyeyusha walikuwa na metali mingi, zaidi kobalti, kupita wenye kuishi mbali. Kwa hiyo habari haiishie ku krevete.

Mambo matatu familia inaweza kufanya bila kungojea mutu. Kama baba ana kisima cha kufugia tilapia, asikichimbe chini ya fasi minere inalala, kwa sababu mvua ikinyesha inaosha ile lundo na kuishusha yote mu kisima. Kama wamama na watoto wanaosha minere, isikuwe juu ya fasi watu wanateka maji, na watoto wasikunywe pale wala kuogelea. Na sulfate ya shaba, yenye wengine wanatia mu kisima kwa kuua majani ya maji, isitiwe kwa kubahatisha: mutu asiye na kipimo aiache. Samaki wataishi pengine, lakini vile vinyama vidogo vyenye samaki wanakula vitakwisha, na tilapia watabakia na njaa mu maji safi.

Na mutoto akikuuliza mangaribi kwa nini Jacques wa sinema hakuugua, mwambie mu akwariumu ya yule daktari hakuna mutu alitia shaba. Kisha mupeleke ku kijito, mugeuze jiwe moja polepole, muangalie kama kaa iko.